Nani Anawasha Kompyuta ya Marehemu?

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Ma Klaudia mlangoni mwa chumba cha marehemu mumewe, kule Hamugembe, ndoo ya maji mkononi na mdomo wazi. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Ndani ya nyumba hapakuwa na mtu mwingine, na kompyuta ilikuwa imejiwasha yenyewe.

Wasomaji kadhaa wamenitumia ujumbe wakidai ni mzimu wa Isaac. Jamani! Mzimu ungekuwa na haraka gani ya kukimbilia kompyuta kabla ya kumsalimia mkewe? Hapa kuna mtu, tena mtu anayekula na kulala kama wewe. Nifuateni.

Klaudia alisogea hatua moja. Mshale ulikuwa unatembea kwenye kioo huku kipanya kimetulia mezani. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, ukashuka taratibu mpaka kwenye folda iliyoandikwa KIBANJA. Folda ikafunguka.

"Mungu wangu," Klaudia akanong'ona. "Ameipata."

Hakusubiri zaidi. Alitupa ndoo, maji yakamwagika hadi sebuleni, akarukia ukutani na kung'oa waya. Kioo kikawa cheusi. Hiyo ilikuwa mara ya nne wiki ile kung'oa waya huo; kila usiku aliurudisha ili aone kama folda ile bado ipo.

Kwa aliyeanza kusoma leo, nisimwache nyuma. Isaac Kyaruzi alikuwa fundi umeme kwenye kituo cha utafiti Maruku, na alipenda sana kuchezea vidude. Nyumbani kwake alifunga plagi ya intaneti. Akiwa Maruku anagusa simu yake, plagi inaachia umeme huku Hamugembe, na kompyuta aliyoipanga iamke kila ipatapo umeme inaamka. Anachukua anachotaka, anagusa tena, inalala. Majirani walimwita mchawi, naye alicheka tu.

Isaac alifariki miezi mitatu iliyopita. Hakuacha mtoto wa kiume. Ana binti mmoja, Violeth, anayefanya kazi Mwanza, na aliamua kibanja chake, yaani shamba lake la migomba kule Kamachumu, wilayani Muleba, kiwe cha binti huyo. Wosia aliouandika ulipotea wakati wa matanga. Kilichobaki ni video. Isaac ameketi na shahidi mmoja pembeni yake, anataja mipaka ya kibanja upande kwa upande, na jina la bintiye analitaja mara tatu. Video hiyo imo ndani ya kompyuta ile tu, wala hakuna nakala nyingine popote. Jumamosi ukoo unakaa kuamua kibanja ni cha nani. Ikifutika kabla ya Jumamosi, Violeth hana chake.

Na simu ya Isaac anayo nani? Hapo ndipo Klaudia alipokuwa akikosa usingizi. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulimsimika Kagaruki, mdogo wa marehemu, kuwa omusika, yaani mrithi. Wakamkalisha kwenye kiti cha kaka yake, wakamvika kanzu yake, wakampa mkuki. Kisha mzee mmoja akasema kwamba siku hizi mtu na simu yake hawatengani, basi mrithi apewe na simu. Wote wakaitikia. Hakuna aliyekumbuka kwamba simu ile ndiyo inayoiamuru nyumba nzima.

"Ufunguo tulimpa wenyewe," Klaudia alisema peke yake, akitazama maji sakafuni. "Tena kwa vigelegele."

Akapiga simu kwa mtu pekee aliyemwamini. Ta Lwakatare, Ta kwa maana ya baba wa heshima, ni mzee wa kanisa, rafiki wa Isaac tangu ujana, na ndiye shahidi anayeonekana ndani ya video. Haikupita saa nzima alikuwa amefika na gari lake la mizigo.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Violeth."

"Ameni. Ta Lwakatare, ameingia tena! Leo amefika kwenye folda yenyewe."

"Ni Kagaruki. Si nilikwambia? Wamempa kiti, sasa anataka na shamba."

"Nifanye nini, waitu, mzee wangu?"

"Nipe niitunze. Kule kwangu Izimbya nani atajua? Jumamosi nitaileta mwenyewe mbele ya ukoo. Mimi nimo ndani ya hiyo video, mama. Naweza kuiacha ipotee?"

Klaudia akaona ni maneno ya mtu mzima. Walibeba kompyuta, wakabeba na ubao ambao Isaac alikuwa amefunga kila kitu juu yake, ile plagi, nyaya zake, na kisanduku cha intaneti chenye laini ya simu. Lwakatare alisema bora vyote viende pamoja, usije ukakosekana waya siku yenyewe.

"Hutaiwasha, mzee?"

"Mimi na kompyuta wapi na wapi!" Akacheka, akapanda garini. Halafu akachungulia dirishani. "Wewe tulia nyumbani. Usimpigie Kagaruki. Hata Violeth usimpigie. Maneno yakizidi yatavuja."

Kumwambia Klaudia atulie! Huyu mzee anamfahamu kweli? Gari halijafika lami, Klaudia alikuwa ameshafunga kilemba na anatafuta usafiri wa Muleba. Hasira ilikuwa imempanda na hakutaka ishuke kabla ya kumwona shemejiye uso kwa uso.

Saa tisa kasoro alikuwa Kamachumu.

Kagaruki, anayeishi jirani na kibanja cha kaka yake, alikuwa anapunguza majani ya migomba. Alipomwona alifuta mikono kwenye suruali, akaenda kumletea kiti na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama desturi inavyotaka kwa mgeni.

"Shemeji, karibu. Mbona hukusema unakuja?"

"Sikuja kutafuna kahawa. Leta simu ya mume wangu."

Kagaruki alibaki na kikapu mkononi. Kukataliwa kahawa na shemeji mlangoni pako si jambo dogo, na mashavu yalimcheza.

"Simu ya nini?"

"Unajua ya nini. Kila siku saa nne unaiwasha kompyuta ya kaka yako. Unaitafuta video. Ukishaifuta, Jumamosi unakaa kwenye kile kiti unajifanya malaika!"

"Mimi?"

"Wewe! Mwizi wewe!"

Neno lilitoka, na halikurudi. Kagaruki aliingia ndani, akarudi na sanduku la bati, akalifungua mbele yake. Kulikuwa na kanzu iliyokunjwa vizuri, na ndani ya kanzu, imefungwa kwenye kitambaa cheupe, simu. Haikuwa na hata chembe ya chaji.

"Sijawahi kuichaji," alisema. "Hata namba ya kuifungulia siijui. Nilipewa kama nilivyopewa mkuki. Na mkuki wenyewe, shemeji, sijauchoma popote."

"Labda umeizima uliposikia nakuja."

"Nimesikia kwa nani?"

Klaudia hakutaka kushindwa upesi hivyo. Akaagiza simu ichajiwe papo hapo, mbele ya macho yake. Waliketi, simu katikati yao, kila mmoja akitazama upande wake, kama watu waliogombana kanisani. Ilipowaka, Klaudia aliandika namba ya siri, ambayo ni mwaka wa ndoa yao. Laini ya marehemu haikuwa na bando, hivyo Kagaruki akawasha simu yake akaiazima intaneti.

Hapo simu ikaanza kulia. Ililia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe. Zilikuwa salamu za siku zile za msiba, watu wakiuliza kama ni kweli, wengine wakimwandikia Isaac mwenyewe, "Kaka, niambie si kweli." Zote zilikuwa zinaingia leo kwa mara ya kwanza.

Klaudia alilia. Alilia kwa ajili ya Isaac, na alilia kwa aibu, maana simu iliyokuwa inawasha kompyuta kila siku isingekaa miezi mitatu bila kupokea ujumbe. Shemejiye alikuwa amesema kweli.

"Sasa ni nani?" Kagaruki aliuliza. Sauti yake ilikuwa bado na ukali.

Klaudia alifungua programu ya nyumba. Akaona orodha ya taa, pampu ya maji na kompyuta. Akagusa kompyuta. Ikaja kumbukumbu ya kila ilipowashwa kwa simu na aliyeiwasha.

Alhamisi, saa 4:02 asubuhi. Violeth.

Jumatano, saa 4:01 asubuhi. Violeth.

Jumanne. Violeth. Jumatatu. Violeth.

"Mae!" Klaudia aliketi chini, kwenye majani makavu. "Mwanangu mwenyewe?"

Nilijua mtashtuka. Hata mimi nilipofika hapa niliweka kalamu chini.

Alimpigia bintiye. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Ukweli ni kwamba Violeth alikuwa hapokei simu ya mama yake kwa wiki mbili sasa, na Klaudia alikuwa akijidanganya kwamba ni kazi nyingi. Kagaruki akachukua simu yake mwenyewe, akampigia kwa intaneti na kuweka sauti kubwa. Iliita mara moja tu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Niko hapa na mama yako."

Violeth akasema kwa sauti baridi, "Basi mwambie aache kung'oa waya."

Klaudia aliinuka kama kachomwa. "Violeth! Unafuta video ya baba yako?"

"Nafuta? Naiokoa, mama! Baba aliniunganisha na programu yake zamani. Nataka ninakili niwe nayo huku Mwanza. Siku tatu nahangaika kutafuta folda, leo nimeipata, wewe unang'oa waya!"

"Uiokoe kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako!" Sauti ilikatika kidogo. "Najua mmeelewana na baba mdogo. Video ipotee, yeye apate kibanja, wewe uachiwe nyumba ya Hamugembe bila usumbufu."

"Nani kakwambia uchafu huo?"

"Ta Lwakatare. Na akasema nisikupigie, maneno yakizidi yatavuja."

Klaudia alishika nguzo ya baraza. Maneno yakizidi yatavuja! Yalikuwa maneno yaleyale, kutoka mdomo uleule, mtoto ameambiwa Mwanza na mama ameambiwa Hamugembe.

"Mama," Violeth alisema, sasa polepole, "kompyuta iko wapi?"

"Izimbya."

"Kwa nani?"

Aliyejibu ni Kagaruki, huku ameinamisha kichwa.

"Kwa Lwakatare. Na mimi nina la kusema, mnisikie wote wawili. Tangu matanga ananifuata anataka upande wa barabarani wa kibanja hiki. Aliniapia kwamba kaka hakuacha wosia wowote, kwamba video ni hadithi ya wanawake. Nikasaini karatasi. Ukoo ukinipa kibanja, upande ule ni wake."

"Aliapa hakuna wosia?" Klaudia alipiga kelele. "Yeye aliyeketi pembeni ya Isaac akitajwa kama shahidi?"

"Sikujua. Sijawahi kuiona hiyo video."

Kabla hajamaliza, simu ya marehemu ikalia mlio mmoja mfupi. Wote wakaitazama. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi ya kijani.

Kompyuta imewashwa. Saa 9:41 alasiri.

"Violeth, ni wewe?"

"Siyo mimi. Sijagusa kitu!"

Alikuwa ni mzee wetu, yule asiyejua kompyuta. Amechomeka ubao wote ukutani kwake Izimbya, na kisanduku cha intaneti kikawaka pamoja na plagi, na plagi ikaja kujitangaza huku Kamachumu bila yeye kuwa na habari.

"Zima!" Klaudia alimwambia Kagaruki. "Zima haraka!"

Kidole cha Kagaruki kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Usizime!" Violeth alilia. "Baba mdogo, usizime! Hawezi kuingia bila neno la siri. Akiiacha imewaka naweza kuinakili video kwa nyuma, yeye kwenye kioo haoni kitu. Mnipe dakika kumi tu!"

Klaudia alimtazama shemejiye. Mtu huyu video ikipotea anapata kibanja, na kidole chake ndicho kiko kwenye kitufe. Akaitazama simu iliyokuwa na sauti ya bintiye. Mtoto huyu amemficha mama yake wiki mbili, na sasa anasema mwacheni Lwakatare na kompyuta. Nani anasema kweli? Nawaambia wazi, kwa muda ule Klaudia hakumwamini hata mmoja wao. Alimwamini mtu mmoja tu asubuhi ile, na ona alikomfikisha.

Alivuta pumzi.

"Ondoa kidole," alisema.

Kagaruki akaondoa kidole. Violeth akaanza kunakili. Wakakubaliana akate simu ili intaneti yote itumike kunakili, awe anatuma ujumbe kwenye simu ya baba yake kuonyesha alipofika. Ujumbe wa kwanza ukaingia. Asilimia sita.

Hapo ikalia simu ya Klaudia mwenyewe. Jina kwenye kioo lilikuwa Ta Lwakatare.

"Pokea," Kagaruki alinong'ona. "Usipopokea atajua."

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Violeth!" Sauti ilikuwa tamu kama ya siku ya harusi. "Umetulia nyumbani?"

"Ameni, mzee. Nimetulia, napika."

"Vizuri. Sasa, nimeona nihakikishe kama mashine ilifika salama, isije ikatuaibisha Jumamosi. Nimeiwasha, inaniomba neno la siri. Ni lipi?"

Klaudia alifumba macho. Angemtukana, matusi yalikuwa yamejaa kinywani. Akayameza yote.

"Ni refu, mzee wangu. Una kalamu?"

"Ngoja niitafute."

Kagaruki akamwandikia Violeth kwenye simu ya kaka yake kwamba mama anamchelewesha mzee kwa simu. Jibu likaja: asilimia ishirini na mbili.

Mzee alirudi na kalamu. Klaudia akaanza kumtajia herufi moja moja, za uongo zote, na kila alipofika ya tano alijifanya amekosea na kuanza upya. Mzee aliandika, akabonyeza, mashine ikakataa.

"Labda umeandika herufi ndogo, mzee. Isaac alikuwa anaanza na kubwa."

"Kubwa inaandikwaje?"

"Kuna kitufe pembeni kina mshale wa kwenda juu. Umekiona?"

"Kipi sasa?"

"Tafuta taratibu, hatuna haraka."

Asilimia arobaini na tisa. Hamsini na nane. Klaudia alianza kuona mwanga, na jasho lilimtiririka hadi shingoni. Alimwelekeza mzee kitufe baada ya kitufe, kwa upole wa mwalimu wa darasa la kwanza, na mzee alihema kwenye simu na kumshukuru.

Lakini Kagaruki alikuwa hawezi tena kukaa. Fikiria mwenyewe. Mtu ameitwa mwizi nyumbani kwake, kumbe aliyemchafua ndiye huyu anayeongea kwa sauti ya mahubiri. Alitembea mbele na nyuma barazani, ngumi amezikunja. Mara akaacha simu yake mezani, akachukua ufunguo wa pikipiki.

Klaudia alimpungia mkono kwa nguvu. Hapana! Hapana! Kagaruki hakugeuka. Alichojua ni kwamba Izimbya ni zaidi ya saa nzima, na anataka awe amefika.

Pikipiki ile ilikuwa na bomba lililotoboka. Alipoipiga teke, ililipuka kwa kelele zilizosikika mpaka upande wa pili wa shamba la migomba. Klaudia aliziba simu kwa kiganja, lakini alichelewa.

Asilimia themanini na moja.

Upande wa pili wa simu mzee aliacha kubonyeza. Hata kuhema kulikoma.

"Mama Violeth," Lwakatare alisema mwishowe. "Uko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Hamugembe. Ni bodaboda amepita."

"Hapana." Utamu wote ulikuwa umeisha kwenye sauti. "Hiyo pikipiki naijua. Wiki iliyopita nilipanda nyuma yake, Kagaruki akinipeleka kuona mpaka wa barabarani. Uko Kamachumu."

Macho ya Klaudia yalikuwa kwenye simu ya mumewe. Themanini na nne.

"Nilitaka niirudishe nzima," mzee aliendelea, kwa utulivu unaotisha. "Ukoo wafungue, wakute hamna kitu, na mimi nibaki na jina langu. Lakini kama mmeshakaa na kuongea, jina limekwisha. Basi hilo neno la siri baki nalo."

"Ta Lwakatare, subiri! Nakupa! Nakupa la kweli!"

"Sihitaji. Hapa nyuma ya mlango nina panga."

Simu ikakatika. Klaudia alipiga tena, haikupokelewa. Akatoka barazani akimwita Kagaruki kwa jina, lakini kelele za pikipiki zilikuwa zimeshateremka mlima. Aliporudi, ujumbe mpya ulikuwa umeingia kwenye simu ya Isaac.

"Mama, endelea hivyo hivyo, muweke kwenye simu. Nimebakiza dakika mbili tu."